Kungoja Kudaiwa Kilemba

Nilioa mara moja tu maishani, na kwa muda mrefu nilikuwa mume wa mtu nisiyelala naye nyumba moja. Nikahi ilisomwa Nguvumali, mahari ikapokelewa, halua ikaliwa, shehe akaenda zake. Kisha baba mkwe akasimama mbele ya wageni akasema kwamba binti yake sasa ni mke wangu kwa sheria, lakini hatatoka nyumbani kwake mpaka siku nitakapoachiwa na fundi wangu. Watu wakatikisa vichwa, taib, hayo ndiyo maneno ya mtu mzima. Mimi nilitamani kuupiga mlango teke.

Wakati huo nilikuwa utingo wa lori, najifunza udereva. Ilikuwa miaka ya hamsini, mkonge una bei yake, na barabara ya kutoka Korogwe kuja Tanga haikuwa na siku ya mapumziko. Baba mkwe hakuwa mtu wa magari. Alikuwa fundi cherehani, na kwake yeye wanadamu waligawanyika mafungu mawili: walioachiwa na mafundi wao, na waliotoroka. Yeye alikaa kwa fundi wake mpaka ndevu zikamtoka, akifagia vipande na kuchemsha kahawa, kabla ya kuruhusiwa kukata kitambaa cha mteja. "Asiyeachiwa na fundi wake," alikuwa akiniambia huku uzi uko mdomoni, "kazi yake haina radhi. Atashona kanzu ya kupendeza, nayo itachanika siku ya Idi, mtu yuko katika sijida."

Desturi yenyewe ilikuwa hivi, na wazee wa mwambao bado wanaikumbuka. Ukijifunza kazi kwa mtu, iwe useremala, uashi au ushonaji, humalizi kwa kuijua kazi. Unamaliza siku fundi anapokudai kilemba. Anasema mbele ya watu, "Nipe kilemba changu," nawe unampa kitambaa na chochote ulichojaaliwa juu yake, yeye anakuombea, na tangu saa ile wewe nawe ni fundi. Mwanafunzi haombi kuachiwa. Kuomba ni utovu wa adabu, ni kumwambia fundi usoni kwamba huna tena cha kujifunza kwake. Kazi yako ni kungoja udaiwe.

Madereva wa malori walikuwa watu wapya wenye chombo kipya, lakini desturi hii waliipokea nzima nzima. Leseni ya serikali ilikuwa jambo jingine kabisa. Wapo vijana waliokwenda polisi kimya kimya wakafanya jaribio, wakapata kile cheti, wakakaa kwenye usukani. Hao gari likiwafia njiani hakuna lori lililosimama. Walipitwa na vumbi juu, na utingo hakukubali kupanda nao.

Sasa mtu wa kungoja mimi sikuwa. Mama alisema nilitembea kabla sijamaliza kutambaa, na kwamba hata nikiwa mgonjwa nilikuwa naugulia mlangoni. Baba alikuwa na minazi yake na mihogo mbele ya Pongwe, akataka nikae nayo. Nikakaa msimu, nikaona minazi haina habari nami. Nikaenda kuchoma chokaa, nikaacha. Nikaenda bandarini kubeba mizigo, nikaacha. Watu wakiniambia mvumilivu hula mbivu, nilikuwa nawatazama midomo, na kweli wote walioniambia hivyo walikuwa wameshakula.

Udereva niliupenda kwa masikio kwanza. Palikuwa na mama mmoja anauza chai na vitumbua huko Usagara, karibu na ghala la tajiri wetu mwenye malori, na hapo ndipo madereva walipokaa wakingoja kupakuliwa. Nilikuwa mchukuzi wakati huo, nakunywa chai yangu pembeni huku nasikiliza. Mmoja ana saa ya mkononi. Mwingine anasema mshahara wa dereva ukiupata huwezi kuumaliza kabla mwingine haujaja. Wa tatu anasema karani wa ofisi ya serikali humwamkia yeye, si yeye amwamkie karani. Niliyaamini yote. Nikaenda kwa baba mkwe mtarajiwa nikayarudia yote, nikaongeza na yangu, na ndipo alipokubali posa kwa sharti lile.

Fundi wangu alikuwa Mshambaa, Mlutheri, mtu mrefu wa milima ya juu ya Lushoto, amevaa kofia ya kitambaa iliyofifia rangi. Alisifika pwani nzima kwamba hajawahi kupindua lori, si masika, si kiangazi. Yeye mwenyewe alifundishwa na dereva mzee wa Pangani, Mwislamu, akaachiwa kwa kilemba, na ijapokuwa hakuwahi kukivaa kichwani alikihifadhi kwenye sanduku lake pamoja na kitabu cha nyimbo. Alikuwa akiimba nyimbo za kanisa kwa Kishambaa tunapopanda mlima, na sauti ikipanda pamoja na gia. Mimi sikuelewa neno, ila nilijua akifika kwenye pambio tumekaribia kileleni.

Utingo hakuwa na mshahara wa kutaja. Alikuwa na posho, na nguo ya kazi aliyoachiwa na mtu mnene kuliko yeye. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha hendeli asubuhi mpaka injini ikubali, kutia maji kwenye rejeta, kufunga turubai, na kuruka chini kwenye mlima nikiwa na gogo la kuzuia gurudumu la nyuma, lori lisije likaturudisha tulikotoka. Niliyafanya haraka, na fundi akasema haraka yangu itaniua kabla sijajua kutia gia. Lakini alisema kwa upole, na mimi nilimpenda. Hilo niliseme mapema.

Siku moja tunarudi Tanga tokea Muheza, asubuhi, jua limetukalia machoni, akaniambia, "Mwanangu, dereva hujifunza kwa mdomo kwanza. Niambie unachokiona."

"Barabara," nikasema.

"Barabara kila mtu anaijua. Niambie ina nini."

Nikaanza. Kona ya kushoto. Shimo mkono wa kulia. Baiskeli mbele, imebeba mkungu wa ndizi. Mbuzi. Mbuzi wengine. Daraja la mbao, ubao mmoja umeinuka. Nilisema mpaka koo likakauka, na yeye akiendesha bila haraka, anatikisa kichwa kila nisemapo. Tangu hapo ikawa ndiyo elimu yangu. Kila safari nilimsomea njia. Nikichelewa kusema aliniuliza, "Umelala?" Nikisema jambo lisilo na maana, kama vile mwanamke amevaa kanga nzuri, alisema, "Hiyo yako. Nipe ya gari."

Wenye habari hawakosi. Utingo wenzangu wakasikia kwamba dereva asiyepindua ana ilimu yake, anafundisha kwa mdomo. Haukupita muda, kila lori lililoingia Tanga lilikuwa na kijana anayepiga kelele mbele: kona, mbuzi, shimo! Madereva wengine walichukia, maana walikuwa wanaona wenyewe. Mmoja alimshusha utingo wake Pongwe akamwambia atembee mpaka mjini ili asome njia vizuri. Lakini wengine waliikubali, wakasema kama yule Mshambaa anafanya hivyo basi pana jambo. Pale kwa mama wa vitumbua nilikuwa naulizwa kama mwalimu: shimo linatajwa umbali gani, na ng'ombe atajwe kabla ya mwenye ng'ombe au baadaye. Nilijibu yote kwa kifua.

Huku nyuma ndoa yangu ilikuwa imekaa barazani. Nilikuwa nakwenda Nguvumali siku nisizosafiri, najipaka mafuta, navaa kanzu. Baba mkwe ananikaribisha kwenye mkeka karibu na cherehani yake, tunazungumza bei ya marikani. Mke wangu anatoka na kahawa, anaiweka, anaketi kwenye kizingiti. Alikuwa mfupi, mwenye sauti nzito kuliko umbo lake, na hakuwa na subira ya maneno mengi.

"Umedaiwa?"

"Bado."

"Basi kunywa kahawa yako ipoe mwilini, uende."

Baba yake alikuwa anacheka mpaka mguu unaacha kukanyaga cherehani. Mimi nilikunywa, nikaondoka na hasira mpaka kwenye vidole. Nilijua kutia gia bila kuiliza injini. Nilijua kushuka mlima kwa gia nzito bila kuchoma breki. Fundi alikuwa ameniachia usukani mara nyingi ndani ya mashamba ya mkonge, na alisema mwenyewe kwamba mkono wangu ni mzuri. Basi ananidai lini? Kila safari nilimtazama midomo, labda leo. Anasema nitie maji. Anasema nikaze kamba. Kilemba hakitaji.

Kisha likaja jingine la kunitia wazimu. Kijana mmoja aliyeanza kazi nyuma yangu alidaiwa kilemba na fundi wake, akapewa lori la tajiri huyo huyo wetu. Tulikula pilau yake. Baada ya mwezi wake wa kwanza nikamkuta kwa mama wa vitumbua, anakunywa chai kavu.

"Vipi mshahara wa dereva?" nikamwuliza. "Umeumaliza?"

Akatazama huku na huku. "Usiwaambie watu," akasema. "Mshahara wa dereva ni wa dereva mzee. Sisi wapya tunapewa cha utingo na nyongeza ya kunyolea. Mpaka upitishe masika nzima hujalaza gari ubavu, ndipo wanakufikiria. Na taa ikivunjika ni yako, na pancha ni yako."

"Na ile saa?"

"Ile saa ya mkononi haitembei, ndugu yangu. Nilimwuliza."

Nilicheka, kisha nikasikia vibaya sana. Nilikuwa nimeposa kwa maneno ya watu wa chai. Jioni ile ile nikaenda kwa baba mkwe, sikungoja hata kukaribishwa. Nikamwambia yote: kwamba hata nikiachiwa kesho, mshahara niliomwahidi haupo, si mwaka huu, labda si mwaka ujao. Nilitegemea anifukuze. Nadhani sehemu yangu moja ilitaka anifukuze, jambo liishe, nijue moja.

Alikata uzi kwa meno. "Wewe ulidhani mimi nilikuwa nahesabu mshahara wako?" akasema. "Mkwe wangu, mimi nimeona watu wenye fedha wakizila na kuziota. Nilikuambia uachiwe na fundi. Sikukuambia uje na mfuko."

"Na asiponidai?"

"Basi yeye ana sababu, nawe huijui. Subira huvuta heri."

Nilitoka bila kuaga. Methali ile ilikuwa imenichosha kuliko mzigo wa mkonge. Njiani nikakata shauri: kama fundi ana sababu, nami nitakuwa na yangu. Kesho simsomei njia. Anataka dereva kwa mdomo, atakuta mdomo umefungwa.

Kesho yake tulikwenda kupakia kwenye shamba moja mbele ya Muheza, tukalala huko, na alfajiri tukaanza kurudi na marobota ya mkonge yamejaa mpaka kwenye turubai. Jua likapanda mbele yetu. Nikakunja mikono.

"Sema," akasema fundi.

"Barabara si unaiona, fundi."

Fundi alipunguza mwendo kidogo, akasogeza uso karibu na kioo. Nilidhani ananikasirikia, na nilifurahi. Hatukuwa tumetoka bado kwenye eneo la mashamba. Mbele palikuwa na reli ndogo ya toroli inayokata barabara, na toroli lenyewe lilikuwa katikati, refu kama chumba, limejaa majani ya mkonge, na manamba wanne, vibarua wa shamba, wanalisukuma. Jambo la wazi namna hiyo hata mtoto angelikanyagia breki tangu mbali. Fundi hakukanyaga. Nilimtazama. Uso wake ulikuwa mbele, umetulia, kama wa mtu anayesikiliza.

"Breki!" nikapiga kelele. "Breki, fundi, breki!"

Alikanyaga kwa miguu yote miwili. Lori lilikwenda upande, marobota yakalia kwa nyuma, injini ikazima. Tulisimama pua ya lori ikiwa juu ya majani ya mkonge. Manamba walikuwa wameruka, mmoja yumo mtaroni, wanatutukana kwa lugha zao za bara, kila mmoja na yake. Hakuna aliyeumia. Mimi nilikuwa nasubiri fundi naye awatukane, maana ndivyo dereva hufanya. Badala yake aliniuliza polepole, "Nini kile?"

Toroli liko mbele yake, angeweza kuligusa.

Mambo yalinijia yote kwa pamoja: jinsi anavyoamkiana na watu baada tu ya kusikia sauti zao, jinsi anavyoniambia nikatazame oili, jinsi anavyopapasa gurudumu nami nikisema mtu huyu anaona kwa mikono, fundi kweli kweli. Na ilimu yetu. Na wale vijana wote wa Tanga wanaopiga kelele kona, mbuzi, shimo.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu masika ile nyingine," akasema. "Ni ukungu. Jua likinikabili sioni kitu, ni maziwa matupu. Jua likiwa nyuma naona kivuli. Njia naijua, mwanangu. Nimeipita miaka. Ila kinachotembea juu ya njia sikijui."

"Ndiyo maana hunidai kilemba."

Alizungusha kofia yake mikononi. "Nikikudai leo, kesho nitaendesha na nani? Utingo mwingine atajua siku ya kwanza. Wewe una haraka, hukutazama."

Hilo lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Nilishuka nikaenda kuwasaidia manamba kuondoa toroli, nikapokea matusi yangu na ya fundi. Niliporudi alikuwa amehamia kiti cha utingo. Nikazungusha hendeli, nikapanda upande wake, nikaendesha mpaka Pongwe. Hapo alinigusa bega, tukabadilishana, akaingia nalo mjini, na mimi nikimsomea njia. Yale mashimo yote niliyokuwa nayataja kwa kifua, siku ile niliyataja kwa hofu. Kila baiskeli ilikuwa mtu mwenye mama yake.

Tukaendelea hivyo. Nje ya mji mimi, ndani ya mji yeye, maana tajiri alikuwa anakaa mlangoni mwa ghala na kila mtu alimjua aliye kwenye usukani. Sikulala vizuri wala sikula vizuri. Nilikuwa natembea Usagara mpaka Nguvumali na kurudi bila kuingia nyumba ya mtu. Neno moja tu kwa tajiri, fundi ashuke, na lori lile lile pengine nipewe mimi. Neno hilo nilikuwa nalo mdomoni kila saa. Kisha namkumbuka anavyoimba mlimani, na watoto wake wanaosoma shule ya misheni huko juu kwa mshahara ule wa dereva mzee, ambao yeye hakuwahi kuutangaza kwa mama wa vitumbua. Nilimwonea huruma, na nilimchukia kwa kunitia katika huruma ile.

Mwishoni nilimwambia mke wangu. Baba yake alikuwa amekwenda msikitini, nasi tuko barazani kihalali kabisa, mkeka katikati. Nilimweleza yote. Hakushangaa kama nilivyotaka.

"Unataka kumsema kwa tajiri?"

"Nataka kuishi na mke wangu."

"Ukimsema atashuka. Akishuka kwa mdomo wako, nani atakudai kilemba? Utakuwa umetoroka, na mimi nitazeekea hapa mlangoni." Akasukuma kikombe kwangu. "Na usipomsema, iko siku mtapita na mtoto wa mtu. Huyo utamwambia nini?"

"Basi nifanye nini?"

"Umekaa naye wapi, karibu au mbali? Kwenye gari mnabanana. Mwambie yeye."

Nilimwambia safari iliyofuata, tukiwa tumesimama Pongwe, kabla ya kubadilishana viti. Nilishika usukani nikakataa kuhama. Nilimwambia, "Fundi, unanisamehe. Siombi kuachiwa, najua adabu. Lakini siku tukimgonga mtu hapa mjini, aliyemgonga ni mimi, kwa kuwa macho ni yangu. Wewe watasema hakuona. Mimi niliona. Siwezi tena kukusomea njia ya mjini. Ukitaka kupanda hapa, panda, mimi nitashuka nitembee."

Magari yalikuwa yanatupita. Mwanafunzi hasemi na fundi wake hivyo. Baadaye akasema, "Endesha."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwa tajiri."

Tukaingia Tanga mimi nikiwa kwenye usukani bila leseni, na mdomo wangu ukiendelea wenyewe kutaja kila kitu kwa mazoea. Tajiri alisimama mlangoni akakunja uso. Fundi akashuka kwa upande wa utingo akamwambia, kama jambo la kawaida, kwamba kijana yuko tayari, na kwamba yeye fundi anaomba kijana apelekwe polisi kufanya jaribio. Kuhusu macho hakusema, na mimi sikusema.

Jaribio lilikuwa fupi. Inspekta mmoja Mzungu, mwekundu kwa joto, alipanda nami tukazunguka mji, na nyuma amekaa askari wa kutafsiri. Nilijaribu kunyamaza. Tulipofika penye watu wengi nikashindwa: baiskeli kulia, mwanamke na mtoto, mkokoteni unarudi nyuma. Mzungu akamwuliza askari huyu anasema nini, anasali? Askari akamwambia anasema yaliyopo barabarani. Mzungu akatazama barabarani, akaona yote yapo. Akaniambia niendelee. Leseni niliipata, na bado sikuwa na furaha, maana leseni hata waliotoroka wanazo.

Ijumaa moja baada ya sala nilikuwa kwa baba mkwe, kanzu yangu, kahawa yangu. Wazee wanne watano wa mtaa wamekaa naye barazani. Tukasikia hodi. Alikuwa fundi, amevaa koti lake la kanisani na viatu vilivyopigwa rangi, ameshikwa mkono na yule kijana aliyeachiwa kabla yangu, kwa kisingizio cha kuonyeshwa nyumba. Sikuwa nimempeleka hapo hata siku moja. Waliamkiana na baba mkwe kwa heshima, wakaulizana hali za nyumbani, za mazao, za milimani.

"Mimi ni mtu wa njiani," fundi akasema, "sitakaa sana. Nimekwisha kumuaga tajiri, narudi kwetu. Umri umekwenda, nataka kukaa na kahawa yangu na migomba. Lakini sikuweza kuondoka na deni. Huyu kijana wenu nimemfundisha, amejua. Nimekuja kudai kilemba changu."

Baba mkwe alisema alhamdulillahi kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Kumbe kitambaa kilikuwa tayari, cheupe, kizuri, amekikata mwenyewe siku nyingi na kukikunja kwenye sanduku, asiniambie. Akaita ndani. Mke wangu akaleta sinia la shaba, kitambaa kimekunjwa juu yake, akanipa mikononi, na kwa mara ya kwanza sikumwona akinicheka.

Nami nilisimama pale na lile sinia, mtu niliyekuwa sijui kungoja, nikajikuta naomba muda. Nilijua wale wazee wanaona fundi anayestaafu kwa hiari yake, ameshiba safari. Mimi tu na yeye, na huyu aliyenipa sinia, tulijua kwamba akikipokea hana tena kazi, na mshahara wa dereva mzee umekwisha, na kiti chake ni changu kwa mshahara wa utingo na nyongeza ya kunyolea.

"Fundi," nikasema chini chini, "si lazima leo. Nitangoja."

"Wewe?" akasema, akatabasamu. "Umengoja vya kutosha, mwanangu. Lete."

Akanyoosha mkono. Jua la mchana lilikuwa limeingia barazani, linampiga usoni, na mkono ulikwenda pembeni ya sinia, vidole vikafunguka penye hewa, vikangoja. Mzee mmoja aliinua kichwa. Nikapiga hatua moja kushoto, nikalisogeza sinia mpaka kitambaa kikagusa vidole vyake, akakishika, na ndani wanawake wakapiga vigelegele.